Maandazi Arobaini kwa Kilo

Jumatatu, 5 Mei

Kilo tatu za ngano, maandazi mia na mawili. Nimegawanya mara mbili. Thelathini na manne kwa kilo.

Tangu niko shule ya msingi, kilo moja ya Mama hutoa arobaini. Hapimi kwa chombo. Anakata donge kwa vidole, analiviringisha, anasema mkono wake ndio mizani. Sasa sita ya kila kilo yanakwenda wapi? Mama anakanda na kukata. Wifi Rehema, mke wa kaka Saidi, anakaanga, anahesabu, anapeleka kivukoni. Kaka yuko Muheza kwenye mkonge. Mimi nipo tu na shahada yangu ya hisabati, nasubiri ajira, naosha masufuria.

Sita kwa kilo. Kila siku.

Jumatano, 7 Mei

Nilimuuliza Rehema kwa upole kwa nini kilo haifiki arobaini siku hizi.

"Muulize anayeonja," akasema. "Si wewe, wifi, mdomo haukauki mafuta?"

Mama akacheka sana. Mimi sikucheka. Asiye na la kuficha angejibu swali.

Kwao Rehema ni Bweni, ng'ambo ya mto. Mama yake huvuka asubuhi na kapu lililofunikwa. Nimeliona.

Ijumaa, 9 Mei

Leo niliamka nao. Nimehesabu mwenyewe yakitoka kwenye karai. Mia na matatu. Rehema hakutoka jikoni hata mara moja.

Basi anachukua unga kabla haujakandwa. Au anamega bonge Mama akigeuka.

Anasema wateja wameongezeka, mzee mmoja wa kivukoni siku hizi anashiba kwa moja, zamani alikuwa anakula mawili. Sifa hazijibu swali langu.

Mama kadondosha mwiko mara mbili. Usingizi haumtoshi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeazima mizani ya duka la Mzee Akbar. Nitapima unga, kisha bonge, kisha kila donge. Penye upungufu nitapaona. Kaka nitampigia simu kesho hiyohiyo, na Rehema atarudi kwao. Maneno ya kumwambia ninayo tayari. Nimeyarudia bafuni.

Nimeshangaa navyoisubiri kesho kwa furaha.

Jumatatu, 12 Mei

Unga kilo tatu kamili. Bonge, kilo tano na gramu arobaini. Hakuna kilichochotwa. Nikagawanya kwa mia na ishirini: kila donge liwe gramu arobaini na mbili.

Mama akakata. La kwanza, hamsini na moja. La pili, thelathini na tisa. La tatu, hamsini na saba. Nikadhani mizani mbovu, nikapima tena. Rehema akanikanyaga mguu. Sikuelewa. Nikasema kwa sauti, "Mama, mbona haya yamezidi?"

Mama akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Havisikii," akasema. "Tangu Ramadhani. Mpaka nitazame ndo najua vimeshika kitu."

Rehema alikuwa anajua. Alikatazwa kusema, hasa kwangu.

Mizani niliileta imwaibishe Rehema. Imemwaibisha Mama, mbele ya karai lake mwenyewe. Najichukia. Hata hivyo nilimaliza kupima yote. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 15 Mei

Hospitali. Sukari, na iko juu sana. Daktari alimgusa ncha ya kidole kwa sindano, Mama akaendelea kuongea. Ganzi imefika miguuni pia. Kaandikiwa dawa, na kila siku akaguliwe nyayo asije akaumia bila kujua. Daktari kasema tungechelewa zaidi, ingekuwa mambo ya kidonda na kukatwa.

Rehema ndiye aliyemvalisha viatu. Hakuambiwa na mtu.

Jioni nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini, wifi?"

Alitaka niitamke. Nikaitamka: nilikudhania mwizi.

"Nilijua. Ulikuwa unanihesabu mpaka kope." Hakutabasamu. "Na lile kapu la mama yangu lina samaki. Huwa analeta hapa. Unawala."

Kweli nawala.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudisha mizani. Mama hataki kuiona jikoni.

Rehema anaongea nami yanayobidi tu. Chumvi. Kuni. Pisha.

Jumanne, 20 Mei

Nimekata mimi. Kilo moja tu, ya kujifunza. Mama alikaa kwenye kibao kando yangu, mikono mapajani, akitumia macho. Kubwa. Punguza. Hilo umelionea. Hilo sawa, lishike kidogo usilisahau.

Nikalishika kidogo.

Mvua ilikuwa imekatika. Rehema alikaanga, kisha akapanga kwenye beseni akihesabu kwa midomo. Thelathini na nane.

"Mawili umekula wewe," akasema, akajitwika beseni, akatoka kwenda kivukoni.