Uzi wa Vipimo vya Mama

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya Tatu, Chumba cha Mwisho.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, miguu imeacha kukuvimba na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia. Mimi mwilini sijambo. Baridi ya huku bado inanitafuna masikio, lakini nimejifunza kulala na soksi mbili na kofia, na mwenzangu wa chumba hunicheka kila asubuhi akiniona nimejifunga kama mzigo wa posta. Mjomba anaendeleaje? Bado anagombana na redio?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikikuuliza jambo, unaniuliza nimekula nini, na nikimaliza kujibu salio limekwisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, mama yangu. Leo utanisoma hadi mwisho.

Nianze na habari njema, maana zipo. Chuo kilitupeleka safari ya mafunzo, siku nzima ndani ya treni, mpaka kwenye kiwanda cha zamani cha nyuzi ambacho sasa ni makumbusho. Mwalimu wetu wa ubunifu alitaka kila mmoja arudi na wazo la kazi ya mwisho wa mwaka. Wenzangu walikimbilia magauni ya matajiri. Mimi nilinasa mbele ya kisweta cha mtoto, kimechakaa hata hakitamaniki. Mikono yake ilikuwa imeongezwa na kuongezwa, kila mara kwa sufu ya rangi nyingine, kadiri mtoto alivyorefuka. Ungeweza kuusoma umri wake kuanzia begani kwenda chini. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunizungukazunguka.

Unajua nilimkumbuka nani. Nilimkumbuka Mama na masweta yake ya shule, ile mikono aliyoifuma mirefu makusudi ili ikunjwe, mzazi asirudi mwaka unaofuata akilalamika. Nikaiona sebule yetu, mashine ya kufumia ikikwaruza huku na huku, manyoya ya sufu yanaelea hadi kwenye chai. Amewafumia watoto wa shule yetu na wa shule jirani, lakini sijawahi kumwona na sweta lake mwenyewe. Asubuhi za baridi anajitupia shuka mabegani, basi, kazi inaendelea. Nikaamua kazi yangu iwe sweta la Mama. Mwalimu alifurahi sana, akasema hatimaye nimeacha kuiga majarida.

Ndipo nikakuandikia unipimie. Nilikuomba ufanye kama anavyofanya yeye, maana Mama hapimi kwa tepu wala haandiki namba. Anachukua uzi mmoja, anauzungusha kwenye kifundo cha mkono, anapiga fundo. Anaunyoosha kutoka begani hadi mkononi, anapiga fundo. Anauzungusha kifuani, anapiga fundo la mwisho. Namba watu wanazikosea, husema, uzi haukosei. Ukanitumia uzi huo, umekunjwa vizuri, ndani ya barua iliyosema Mama hajambo kabisa, siku hizi amenawiri, nisiwe na wasiwasi, nisome.

Neno hilo "amenawiri" uliliandika wewe, Mama Mdogo, kwa mkono wako mwenyewe.

Nilipokinyoosha kipimo cha kifua mezani, nilicheka. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, "Huyu mama mdogo wangu! Kamkaba dada yake kama anafunga gunia." Nilidhani umeuvuta uzi, maana wewe kila kitu unakivuta kwa nguvu, hata kabati letu halina mshikio kwa ajili yako. Nikauweka uzi kando, nikafuma kifua kwa kumbukumbu yangu, ule upana wa Mama niliokuwa nikijificha nyuma yake wageni wakija. Sweta lilikuwa la rangi ya majivu, na juu yake mistari ya rangi za shule zote alizozifumia: kijani, buluu, zambarau, na ile nyekundu iliyokuwa ikichujuka na kutugombanisha na wazazi. Mwili ulipokamilika, mwalimu alilivalisha sanamu mbele ya darasa. Walipiga makofi, na mimi nikavimba kichwa.

Ikabaki mikono. Urefu ulioupima ulikuwa sawasawa kabisa. Mkono wa Mama naujua, nimemkunjia blauzi mara nyingi akiwa na sabuni viganjani. Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu kama urefu uliupima vizuri hivyo, hukuwa umekosea popote. Kisha nikafika kwenye kipande cha kwanza, kile cha kifundo cha mkono. Nikakizungusha mkononi kwangu. Ncha hazikukutana.

Mama Mdogo, mimi ndiye Sindano. Mama alinipa jina hilo kwa ajili ya mikono hii hii myembamba. Bangili yake niliyokuja nayo huku inanivuka, mpaka niivae juu ya sweta ndipo itulie. Na leo uzi uliozunguka mkono wake haunitoshi mimi.

Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu ya karakana, nikalia mbele ya watu.

Nikaanza kuyakusanya yote. Nikipiga simu, yuko sokoni. Nikirudia, kajipumzisha kidogo. Siku akishika simu ni "Soma, mwanangu," basi, wewe umeshaichukua. Na ile mashine, Mama Mdogo. Zamani ilibidi mpaze sauti ili nisikie, jinsi ilivyokuwa ikipiga kelele nyuma yenu. Miezi hii nilikuwa nawasikia vizuri, na nikafurahi, nikidhani mtandao umetengemaa. Hili linanichoma kuliko yote.

Anaumwa nini? Tangu lini? Anakula? Nani anamgeuza, nani anamwogesha? Mlikaa kikao mkakubaliana mtoto asisumbuliwe, amalize kwanza? Nimalize, nirudi na cheti, nimwonyeshe nani? Nimekukasirikia, sikufichi. Nimekukasirikia mpaka chakula hakishuki. Halafu nakukumbuka ukipanda ngazi zile za nyumbani na miguu yako hiyo, umebeba ndoo ya maji yake ya kuoga, na hasira inanigeuka inakuwa kilio.

Lakini jambo moja limenikaa kichwani tangu siku ile. Mama ni fundi. Wewe labda ulidhani unapima nguo tu. Yeye alijua uzi ule unasema nini, na anajua nani alinifundisha kuusoma. Angetaka nisijue, angekwambia uongeze vidole viwili kabla ya kupiga fundo, nawe ungeongeza bila kuuliza. Hakukwambia. Alinyoosha mkono wake, akakutazama ukifunga palepale ulipoishia. Nisimulie siku hiyo nikifika, alikaa wapi na alisema nini. Naamini amewakataza nyote msiniambie, kisha akaniita mwenyewe kwa njia yake.

Basi naja. Tiketi imepatikana, usiniulize imepatikanaje. Sweta nimelifumua lote, kutoka shingoni hadi chini. Mwalimu alinishika mkono nilipoanza. "Subiri angalau maonyesho yapite," aliniambia. "Kazi hii ndiyo itakayokutoa." Nikamjibu kwamba nilimfumia mtu ambaye hayupo tena. Alinitazama, akaniachia mkono.

Sufu iliyofumuliwa haisahau upesi. Nimeiosha, nimeitundika na uzito chini yake, na bado imejikunja kama nywele zilizosukwa. Nimeifuma hivyo hivyo, safari hii kwa uzi wako, fundo kwa fundo, na rangi zote zimo. Limetoka dogo. Mwenzangu wa chumba aliliona kitandani akauliza ni la mwanafunzi wa darasa la ngapi, nikalikunja nikalitia kwenye begi. Maonyesho ni Jumamosi, na Jumamosi mimi nitakuwa njiani. Pale ukumbini watabaki na sanamu tupu yenye jina langu. Kama cheti nacho kitaota mbawa, na kiote.

Shingo sijaifunga. Vitanzi vyote nimeviacha kwenye sindano, nimevifungia kitambaa visichomoke safarini. Nitaifunga nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake. Kama atakuwa amepungua tena, nitakuwa na mahali pa kuanzia kufumua.

Barua hii anakuletea rafiki yangu anayesafiri kesho, itanitangulia kukufikia. Usimwambie Mama kwamba naja, atakataa, na hana nguvu za kupoteza kwa kukataa. Akiuliza habari zangu, mwambie tu Sindano ameupokea uzi na ameusoma. Mashine yake ifunikeni kwa shuka, isipigwe na vumbi, na mtu yeyote asiiazime, hata awe na maneno matamu namna gani.

Nisalimie Mjomba, mwambie apunguze redio mgonjwa alale. Nisalimie Kaka, na umwambie naye nina neno naye, maana alijua. Wabusu watoto wa Dada. Yule jirani mshona viatu anayekusaidia maji, mwambie asante, nami nitamwambia mwenyewe.

Mungu akutie nguvu mikononi na miguuni, akupe usingizi hata wa kuibia mchana, na Mama amwachie pumzi mpaka nisukume mlango ule.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,

Sindano

Nimesahau: usimpime tena, wala usinitumie uzi mwingine. Nikifika nitampima mwenyewe.