Sanduku la Mukula

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Napiga randa tangu asubuhi. Goti linauma. Ubao wa pili wa mukula, mti wetu mwekundu, umenyooka, wa tatu bado unabishana nami. Papa Kibwe, fundi wa mitumbwi na majeneza, ameniazima kona ya karakana yake. Ananitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa.

Sanduku la zamani la violini lilioza ziwa lilipofurika na kuingia nyumbani. Violini ya marehemu mke wangu ilipona kwa kuwa ilikuwa imetundikwa ukutani. Jumamosi binti yetu Estella anaondoka nayo kwenda Lubumbashi, kufundisha wanakwaya. Treni hadi Kabalo, kisha kusini. Safari ya kuvunja mifupa. Violini ikipasuka, hatuna kingine cha mama yake chenye sauti.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Kibwe ameshika ubao wangu, akaupima kwa mkono.

“Papa Donatien, mukula ni muzito. Mutoto atabeba violini ao mulango?”

Nikamjibu kwa saa nzima. Kwamba mukula wetu unatoka hapa ukiwa magogo na kurudi ukiwa viti vya wakubwa. Kwamba nimeandika dhidi ya hayo hadi magazeti yamechoka nami. Kwamba sasa mtoto mmoja wa mkoa wetu wa Tanganyika atabeba mukula uliochongwa Tanganyika. Kibwe akarudi kwenye mtumbwi wake. Nimeshinda. Sijui kwa nini nimechoka hivi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Nimekata sponji kwa umbo la violini, nikaifunika kwa kitenge cha mke wangu, kile cha bluu. Upinde unakaa kwenye kifuniko. Bawaba zimekubali. Wekundu wa mbao baada ya mafuta! Sijawahi kuandika makala nzuri kama hii.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Estella amelijaribu. Kutoka mlangoni hadi barabarani amelitua mara tatu. Mara ya tatu akahamisha bega, akatabasamu.

“Muzuri sana, Baba.”

Angenitukana ningemjibu. Matusi nayaweza. Nilitengeneza hoja, nikataka mtoto aibebe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Treni haikuja. Wanasema Jumatatu. Kwa mara ya kwanza sikuwaandikia watu wa reli barua ya kuwakemea.

Nimekwenda kwa Kibwe. Njia nzima nilitafuta namna ya kukiri bila kukiri. Sikuipata. Nikamwambia alisema kweli. Hakucheka. Akainama, akavuta chini ya meza vipande vyepesi vya triplex, zile mbao nyembamba za kiwandani, vimeshakatwa kwa kipimo cha violini.

“Tangu Jumanne,” akasema. “Leta gundi.”

Jumapili, tarehe 9 Machi
Sikwenda misa. Kibwe naye hakwenda. Kitenge kilichobaki kimetosha. Tumebandika, tumefunga kamba, tumengoja gundi ikauke. Hatukuzungumza siasa. Mkanda wa begani tumeukata kwenye mkoba wangu wa zamani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Treni imeondoka, imejaa hadi milangoni. Estella alipanda na sanduku jepesi mgongoni, mikono yote miwili huru. Kwa mmoja alishika chuma cha mlango. Kwa mwingine alinipungia.

Sanduku la mukula liko chini ya dirisha. Nilijaribu kuweka makala zangu ndani. Haziingii. Nafasi ni ya violini tu. Nimelifuta vumbi, nikalifunga.