Salamu Nilizozitunga

Jumamosi, 8 Juni

Tumerudi kutoka ziara ya darasa. Makumbusho, kisha saa moja ya kutembea mjini. Ile saa ndiyo ilikuwa ya Bibi! Alinipa sweta aliyoifuma nimpelekee mdogo wake, kwenye nyumba aliyohamia: nyuma ya posta, mlango wa buluu. Bibi mwenyewe hajawahi kuiona. Mdogo wake masikio yamechoka, simu haimsaidii. "Aivae mbele yako," alisisitiza, "uangalie kama mikono inamfika."

Ilikuwa ni kumwomba mwalimu ruhusa tu. Sikumwomba. Wenzangu wakaniita tupige picha kwenye ngazi za posta. Za posta! Nikapiga kumi na nne.

Bibi alinisubiri mlangoni. Imemkaaje? Nikasema — imemkaa vizuri sana. Na anakusalimia.

"Mume wangu huyu!" akacheka. "Nani mwingine angenifanyia?"

Sweta iko chini ya godoro langu.

Jumatatu, 10 Juni

Insha: maana ya safari, zamani na sasa. Niliandika kwamba zamani watu walisafiri kwa ajili ya watu. Kumjulia hali mgonjwa, kumpa pole mfiwa, kumwona mtoto mchanga. Na msafiri alibeba salamu za mtaa mzima. Sasa tunasafiri ili tuonekane tumefika.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Akasema inaonekana imetoka moyoni. Uso uliniwaka moto.

Alhamisi, 13 Juni

Bibi ameanza sweta ya pili. Vipimo vilevile — si nilisema imemkaa? Nikafungua mdomo. Akanipa uzi nimshikie.

Jumamosi, 15 Juni

Ndani ya basi. Jana Bibi alitangaza kwamba salamu zile zimemtia hamu, anakwenda mwenyewe. Mama akamwambia angoje likizo. "Ningoje nini, na mwenyeji ninaye?"

Mwenyeji ni mimi!

Amelala begani kwangu. Sweta ya kwanza imo mkobani mwangu, chini ya daftari hili. Nimwamshe nimwambie? Kila kituo najisemea: kinachofuata.

Naiona posta. Zile ngazi.

Ameamka. Anajifunga vizuri kilemba, ananigonga goti: nitangulie kushuka, maana nyumba naijua mimi.

Basi linasimama. Bibi ameshanishika mkono —