Kisima cha Sadaka ya Mama

Kariakoo, 6 Machi 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, hofu ni kwako huko Nachingwea na hicho kifua chako. Shuleni nimepata neema: idara imetoa ruzuku ndogo kwa walimu tuwafundishe watoto habari za maji ya visima na mito. Nimeshanunua chupa na dawa ya kupimia. Wanafunzi watapima visima vya mtaani mbele ya wageni wa idara, na wataanza na kile ulichochimba uani kiwe sadaka ya marehemu mama. Nataka wajue maji safi yakoje.

Mwanao, Zamzam

Nachingwea, 24 Machi 1978

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Nusu ya kijiji wameshasomewa barua yako, nusu nyingine kesho. Waambie wageni kisima hicho hakijawahi kukauka wala hakuna aliyetozwa hata senti. Kila anayekunywa, mama yako anaandikiwa thawabu.

Baba yako

Kariakoo, 9 Mei 1978

Baba,

Shikamoo. U mzima? Nisamehe kwa ukimya. Wageni walikuja, na katika visima vyote chetu ndicho kilichoonekana kichafu zaidi. Dawa ilibadilika rangi papo hapo. Uso ulinishuka, baba. Nikasema mwanafunzi wangu Benedikta, yule mtoto wa mpangaji wetu, ambaye ndiye aliyeleta maji yale, hakuosha chupa. Nilimwona mwenyewe akiiosha. Alilia, wenzake wakamcheka. Na watu bado wanateka. Nikiwakataza, nimemkatia mama sadaka yake. Naona aibu hata kulala. Nifanyeje?

Mwanao, Zamzam

Nachingwea, 30 Mei 1978

Zamzam,

Marahaba. Mimi mzima, ila sina raha. Funga kisima leo. Mama yako hapati thawabu kwa kuwaumiza watu matumbo. Choo cha wapangaji nilikichimba mimi, karibu mno na kisima, maana nilitaka nafasi ya kuongeza chumba. Bwana Afya alinikanya. Nikamkaribisha chai, nikampa maneno matamu, akaenda zake. Miaka yote hii najisifia kisima! Usimsingizie mtoto wa watu kwa uchafu wangu. Lisomee darasa barua hii, yote.

Baba yako

Kariakoo, 20 Juni 1978

Baba,

Shikamoo. Kisima tumekifunga. Majirani wanafuata maji bombani Gerezani, na wengine hawaniitikii salamu.

Darasani nilianza kwa kumwomba radhi Benedikta, kisha nikasoma barua. Nilipofika pale pa choo nikashindwa kuendelea. Nikasimama tu na karatasi mkononi. Benedikta akatoka kwenye dawati lake, akaichukua, akaisoma hadi mwisho.

Mwanao, Zamzam