Kreti Mbili za Kuomba Figo

Jumanne, 3 Juni 2025

Niko na hasira! Rafiki yangu Akaliza amevimba miguu, viatu haviingie, amerudi kwao na kandambili za mume wangu. Daktari wa Kigali alisema wazi: mashine ya kusafisha damu haitoshe, mutafute mutu wa kumupa figo moja. Mi nilipimwa wa kwanza — damu yetu haipatane. Nililia. Huyu ndiye alinishika mukono nikimuzaa Teta!

Kaka yake Théogène iko na damu kama yake. Bon, nikamupigia simu. Akasema: Mama Teta, niko tayari hata kesho. Nikaruka! Teta alikuwa ananyonya, akashtuka, akaniuma.

Alhamisi, 5 Juni

Baba yao mukubwa, muzee Viateur, amekataza. Amekataza! Anasema mutoto wa kwao Nyundo haombwe kwa simu kama vocha. Kitu kikubwa kinaombwa na watu, na fanta, na musemaji. Kama tunaoa! Akaliza anacheka: "Donc mi ndio bwana harusi." Mi sicheke.

Jumapili, 8 Juni

Tulipanda Nyundo na kreti mbili za fanta na jerikani ya pombe ya ndizi. Musemaji ni mume wangu Muhire, na koti ya ndoa yetu. Akasalimia, akasifu ukoo, akasema tumeona kitu kizuri hapa kwenu.

Muzee Viateur akachezea kofia yake.

"Figo? Pole sana. Ya kwanza tuliisha kuiahidi watu wa Busasamana."

Wakacheka, hata mashangazi — ni utani wa kuombwa binti!

"Na ya pili ingali inasoma."

Wakapiga makofi. Akaliza kwenye kiti cha plastiki, analamba midomo tu, maana daktari amemupimia maji ya siku — na wao wanakunywa fanta zetu mbele yake!

Nikasimama. Najua mwanamuke haseme pale. Nikasema: Muzee, mwenye kuombewa iko hapa. Mumuangalie miguu.

Muhire ananivuta kitenge. Muzee akaweka chupa chini. Aliangalia ile miguu muda murefu.

"Mumepewa."

Vigelegele! Théogène akamukumbatia dada yake. Jumatano tunaenda Kigali kwa vipimo, sisi watatu.

Kitu kimoja. Bibi ya ndoa ya Théogène, Mama Bruce, alikuwa nyuma anaosha glasi. Hakupiga vigelegele.

Jumanne, 10 Juni

Théogène hashike simu. Inalia tu. Muoga! Fanta amekunywa!

Jumatano, 11 Juni

Naandika hapa gare, kwenye basi za Kigali. Teta nimemuacha na baba yake. Akaliza ameisha kukaa ndani ya basi, dirishani. Théogène amekuja — na Mama Bruce nyuma yake, mutoto wao Bruce mugongoni. Nikamurukia huyu bibi: Ni wewe unamuzuia, unataka kuua wifi yako?

Hakupandisha sauti. "Mulimuomba baba mukubwa. Muliomba na mashangazi. Mi ndio nalala na ile figo kila usiku. Nani aliniomba? Akikatwa, nani atalima? Nani atamuinua kitandani?"

Hasira yote ile, sikujua niiweke wapi. Nilimuona siku ile na glasi zake! Nilimuona, nikanyamaza.

Fanta sina. Nikapiga magoti palepale kwenye maji ya mvua, watu wa moto na pikipiki zao wanatazama.

"Mama Bruce, mi nakuomba."

Akafungua kitenge, akanipa mutoto: "Shika." Akamuvuta bwana wake nyuma ya basi.

Wangali kule. Bruce alilia, nimemunyonyesha maziwa ya Teta, sasa ametulia, naandika juu ya mugongo wake. Shoferi anapiga honi. Akaliza ananiuliza kwa macho kama kaka yake atapanda — sijue! Sisikie wanachosema.

Honi tena. Nimeinama. Chini ya basi naona viatu vya Théogène na sapatu za bibi yake. Vinaangaliana. Haviende popote.