Nani Ataingia na Ondiek?

Usenge, 3 Julai 2022

Kwa binti yangu Akello,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua. Mtoto wako anaendeleaje? Nimeona tuandikiane, maana tukipigiana simu tunagombana hadi chaji inaisha. Barua analeta Rosa muuza dagaa, anakuja Kisumu na omena zake.

Nataka ndugu yako Ondiek aletwe nyumbani kabla ya kura. Yeye kuishi kwako huko Manyatta ni sawa, lakini alijiandikisha hapa. Bildad anagombea uwakilishi wa wadi, na nimempa neno langu kwamba kura zote za boma hili ni zake. Akipita, mashua yangu itapata injini. Ondiek kusoma hajui na mkono unatetemeka, kwa hivyo nitaingia naye kituoni nimwekee alama. Yeye asimame tu kando yangu.

Baba yako.


Manyatta, 10 Julai

Baba mpendwa,

Nakusalimu. Huku tuko salama, isipokuwa usingizi. Mtoto anaota meno, na kabla hakujapambazuka lazima niwe nimekanda unga wa mandazi. Ondiek ndiye ananibebea mtoto nikichoma. Pole kwa mgongo. Ile dawa ipake, usiiweke tu dirishani.

Ondiek atakuja. Lakini anayehitaji msaada anamchagua mwenyewe wa kuingia naye, na huyo msaidizi anaapa kuweka alama pale mwenye kura anapotaka, na kutosema. Sijabuni. Tulielezwa kwenye mkutano wa wazazi wenye watoto kama yeye, huko Nyamasaria.

Tena nikuulize kwa heshima. Alipokuwa huko, alivuta nyavu kama wengine, na mkigawana samaki ulikuwa unasema, "Huyu hana akili, mpe chai." Leo akili yake imetosha kumpigia Bildad kura?

Usimwone hasikii. Rosa alimletea mabango ya wagombea wa huko, ameyabandika juu ya kitanda. Anauliza, "Huyu alifanya nini?" namwambia ninachojua. Juzi akaniambia, "Akello, wewe unasifu Khadijah peke yake." Niliona aibu, maana ni kweli. Khadijah ameahidi kuwajengea akina mama wa samaki choo pale ufuoni, na mimi nampenda kwa hilo.

Binti yako, Akello.


Usenge, 20 Julai

Akello,

Natumaini mko wazima. Sisi tuko.

Mji umekufundisha kunijibu. Sasa sikiliza. Katiba inasema asiye na akili timamu hapigi kura. Mwalimu Kiragu alinisomea. Kama Ondiek haingii na mimi, nitasimama mbele ya msimamizi wa kituo niseme mtoto wangu ni mgonjwa wa akili tangu ile homa ya utotoni, na kijiji kizima kitashuhudia. Heri kura ipotee kuliko iende kwa Khadijah. Chagua.

Baba yako.


Manyatta, 29 Julai

Baba,

Hujambo? Rosa anasema siku hizi unaacha ugali nusu sahani. Kula, Baba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mtoto kifuani. Ondiek aliniona nikifuta macho akauliza, "Baba amesema nini?" Nikasema amekusalimia. Huo uongo bado unaniuma.

Mahakama ndiyo inatangaza mtu hana akili timamu, si baba mtu, si kijiji. Msimamizi atakuambia hivyo. Lakini si hilo linalonitesa. Ukilisema hilo neno mbele ya watu, msimamizi atalipuuza, kijiji hakitalipuuza. Kesho akidai samaki wake watamwambia, "Baba yako alisema." Akitaka kuoa, "Baba yako alisema." Wewe utakuwa umesahau, na yeye bado anaishi nalo.

Na akikuchagua wewe, uingie naye. Nitakaa nje ninyamaze. Tutafika siku moja kabla.

Binti yako anayekupenda hata sasa, Akello.


Usenge, 16 Agosti

Akello,

Habari zako siulizi. Za mtoto nauliza. Hajambo?

Mmeniaibisha. Nimesimama pale kituoni, koo nimeshasafisha, karani anamwuliza Ondiek nani amsaidie, naye ananiangalia usoni: "Akello. Baba, wewe shika mtoto." Watu wakacheka, hata polisi akacheka. Maneno yangu yote nikayameza. Utasemaje mtu hana akili na ameshakupa mtoto ushike? Na mtoto mwenyewe akanikojolea.

Bildad ameanguka. Injini hakuna. Anazunguka akisema boma langu limemsaliti. Najua ni wewe, ulishika kalamu ukampeleka ndugu yako kwa Khadijah wako. Kama sivyo, niambie alimpigia nani. Ukiniambia, yaishe, na Ondiek nitamjengea simba yake, nyumba ya kijana hapa bomani kama walivyojengewa wa umri wake. Usiponiambia, kila akija atalala jikoni.

Baba yako.


Manyatta, 24 Agosti

Baba,

Nakusalimu. Mtoto hajambo, jino limetoka, sasa ananing'ata.

Sitakuambia.

Niliapa, na hata nisingeapa, nisingesema. Nitakueleza yaliyo yangu tu. Tulipofikia karatasi ya wadi, Ondiek alitazama picha moja moja, polepole, hadi karani akakohoa. Kisha akaweka kidole. Nikamwuliza, "Hapa?" Akasema, "Hapa. Usihamishe." Mkono wangu ulikuwa mzito, Baba. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Niliweka alama pale alipoonyesha.

Labda nikisema nitakuwa msafi kwako. Labda utakasirika zaidi. Lakini kura ile si yangu niitoe. Najua simba ni nini kwake. Wenzake wakiezeka mabati anasimama anaangalia hadi giza. Bado siwezi kumnunulia nyumba kwa siri yake.

Nimemsomea barua yako yote, sitaki kumdanganya tena. Anakuja Jumamosi na Rosa. Mwulize mwenyewe. Ana mdomo.

Binti yako, Akello.


Usenge, 19 Septemba

Binti yangu Akello,

Habari za huko? Sisi wazima. Ondiek anakula kunishinda.

Siku aliyofika nilimwuliza. Akasema, "Siri." Nikamwambia basi hakuna simba. "Sawa," akachukua blanketi akaenda jikoni. Nikangoja aje kunibembeleza. Hakuja. Mchana anavuta nyavu, usiku analala na kuku. Tukiwa majini wawili tu nikamwuliza tena. Akasema, "Na wewe ulimpigia nani?" Nikafungua mdomo niseme Bildad, nani asiyejua? Akaniziba kwa ule mkono wake unaotetemeka. "Usiniambie, Baba. Ni yako."

Jana vijana wa Bildad walikuja wakamzunguka kwenye nyavu. "Wewe punguani, nani alikupigisha kura?" Ondiek akaendelea kufumua fundo. Mimi ndiye niliyewafukuza na kasia. Nimezeeka, lakini walikimbia.

Mvua imeanza na jikoni kunavuja. Wekesa fundi anakuja Alhamisi, Ondiek amemwonyesha mlango wa simba yake utazame wapi.

Ukija Desemba, lile jambo usiniambie.

Baba yenu.