Mkia wa Gari la Baba

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimeipata! Sanduku la bati la Baba, chini kabisa, chini ya vyeti vya ubatizo na koti lililoliwa na nondo. Karatasi tatu. Michoro ya gari! Penseli, mkono wa Baba wa mwaka sabini na nane, mimi hata sijazaliwa — na mistari yake imenyooka kuliko yangu mimi niliyesomea kuchora. Nilikaa sakafuni naitazama mpaka chai ikapoa.

Gari ni hili hili letu. Milango miwili, chasisi ya pikapu chakavu aliyopewa na kiwanda cha pamba alikokuwa akichomelea, bodi kaikunja bati kwa bati mwenyewe. Lakini kumbe aliwaza nyuma za aina tatu. Mchoro wa kwanza: paa linateremka kutoka kichwani kwa dereva mpaka kwenye bampa, moja kwa moja, bila kukatika. Wa pili: buti la mraba, hili tulilokua nalo. Wa tatu ovyo tu, kama pikapu iliyovaa kofia.

Hilo buti la mraba nimelionea aibu maisha yangu yote. Shuleni waliliita banda la kuku. Na kumbe mzee alikuwa na ule wa kwanza kichwani! Kwa nini akauacha? Mtu mwenye macho haachi mstari kama ule.

Juu ya karatasi ya kwanza kaandika KUPE, yaani coupé, gari la milango miwili. Nimeipiga picha nikamtumia Amoni, fundi bodi wetu. Kajibu: dada, ng'ombe tunawaogesha kila wiki kuwatoa kupe, wewe unataka kumpanda? Mjinga huyu. Lakini bati analijua.

Alhamisi, 17 Julai

Gereji. Amoni kachoma bisibisi kwenye buti, ikatokea upande wa pili. Kutu tupu. Hakuna cha kuziba hapo, anasema, nyuma yote ikatwe tuunde upya. Sasa tuunde lipi?

Jubilei ni Jumapili ya tarehe 10 Agosti, kijijini kwetu Mwamanyili. Miaka hamsini ya ndoa ya Baba na Mama. Mama ameomba kitu kimoja tu: waende kanisani na gari lao, wote wawili. Siku ishirini na nne. Na Amoni ana matela ya watu wa maonyesho ya Nane Nane yamejaa uani.

Nimesema nitamuuliza mwenye gari.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemuuliza.

Tangu kiharusi cha Januari, Baba yuko kwangu hapa Bariadi kwa ajili ya mazoezi ya hospitali. Mama kabaki kijijini na ng'ombe wake na samaki wake wa kubanika. Maneno ya Baba hayatoki, mkono wa kulia umelala. Lakini akili ipo, macho yanafuata kila kitu.

Nikamtandazia michoro yote mitatu mapajani. Kaitazama mmoja mmoja. Kisha mkono wa kushoto ukapanda ukashuka juu ya ule wa kwanza — pa! pa! pa! — mpaka karatasi ikachanika pembeni. Machozi yakamtoka. Nikamkumbatia. Nimeelewa, Baba, ni huu! Akazidi kupiga. Na mimi nikalia. Miaka arobaini na zaidi mtu anakitaka kitu chake, hana wa kumpa!

Jumatatu, 21 Julai

Tumeanza. Nimeuchora mkia wote kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi, kwa chaki, nimepiga magoti siku nzima. Amoni anakata maboksi kufuata chaki, kisha bati kufuata maboksi. Nachora ramani za nyumba mwaka wa kumi na tano sasa, vyumba vitatu na sebule, vyumba vitatu na sebule, sijawahi kufurahi hivi.

Taa Baba hakuzichora. Nikabuni mimi. Nilianza na ndefu za kulala. Hapana. Nikajaribu tatu tatu. Hapana. Nimeishia kwenye mbili za mviringo, ndogo, nyekundu, chini kabisa. Zimekaa! Amoni kakuna kichwa, kasema zinamtazama. Nikamwambia ndiyo kazi ya taa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkia umesimama! Umechomelewa, umepigwa msasa. Rangi ya mwisho itakuwa ya maziwa kama ya zamani, Ijumaa. Kwa sasa ni ile ya kijivu ya chini tu, na puti ya kusawazishia imebaki madoa madoa. Hata hivyo nimelizunguka mara kumi. Nilipiga picha nikaweka status: "Ndoto ya Mzee Yakobo, imetimia." Mioyo na pongezi kibao. Mama simu yake ni ya tochi, haoni status, itakuwa sapraizi.

Nimevimba kichwa leo, nakiri.

Jumatatu, 4 Agosti

Niandike yote, hata nisichotaka.

Asubuhi alikuja gereji Mzee Joakim, aliyechomelea pamoja na Baba kule kiwandani. Alipita kumwona Amoni kwa ajili ya baiskeli. Nikamsalimia: mwangaluka, mzee. Alikuwa amelitazama gari. Akavua kofia.

Akauliza nani katuambia tulirudishe hili.

Nikasema tulirudishe? Halijawahi kuwapo, ni mchoro tu. Akaniambia, binti, hili nililipiga nyundo mimi mwenyewe. Lilitembea miaka minne.

Kumbe! Baba aliuunda mkia huu kwanza, mwaka sabini na tisa. Wiki ya kwanza tu Mwamanyili wakaliita Fisi, kwa mgongo ule wa kushuka. Mwanzoni kwa utani. Baadaye ng'ombe wa majirani wakafa wengi kwa mpigo, ugonjwa tu, lakini watu wakaanza kuhesabu nani anapandishwa kwenye Fisi. Aliyepandishwa ni Bibi Milembe, mama yake Baba. Mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Huku kwetu hakuna asiyejua bibi wa namna hiyo anasemwaje: mchawi, na fisi ndiye kipando chake cha usiku. Ikatupwa barua uani: aondoke ndani ya siku saba, la sivyo atauawa.

Baba akamhamishia Nassa, kwa mjomba. Kisha siku ya mnada akalisukuma gari mpaka katikati ya watu, akaukata mkia kwa tindo na nyundo, mchana kweupe, waone wote. Akaweka banda la kuku. Bibi alifia Nassa kwa uzee wake. Mwamanyili hakurudi tena.

Mwaka themanini na tatu. Mimi nilizaliwa themanini na nne. Hakuna aliyeniambia! Hata mmoja!

Na Baba alikuwa ananikataza. Pa, pa, pa — hapana, hapana, hapana. Mimi nikamkumbatia. Nikachagua nilichokitaka mimi, nikamsingizia mzee asiyeweza kusema. Loo, Apolonia.

Jumanne, 5 Agosti

Kaka Fredrick kapiga simu kutoka nyumbani Mwamanyili kabla sijapiga mswaki. Amefoka. Ile picha ya status imeingia kwenye grupu la kitongoji. Kijivu na madoa! Fisi wa Yakobo karudi, wameandika. Vikaragosi vya kucheka. Halafu mmoja kaandika kwamba juzi mbuzi wawili wa Stephania wameliwa zizini. Vikaragosi vikaisha.

Fisi wa porini wapo, kila mwaka wanakula mbuzi. Kila mtu anajua. Lakini Stephania ni jirani, ukuta kwa ukuta, na kisimani kaulizwa anamdhania nani, akajibu yeye hasemi kitu, ila macho ya Mama Fredrick yanazidi kuwa mekundu.

Macho ya Mama! Miaka thelathini anabanika samaki wa Lamadi, moshi asubuhi na jioni, ndiyo moshi ulionisomesha. Na mimi nimemwekea gari la mgongo wa fisi na taa mbili nyekundu. Nimefuta status. Imesaidia nini? Wameshaihifadhi wote.

Fredrick anasema: ukate. Au lisije kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenyekiti wa kitongoji kapewa taarifa, Fredrick na paroko wamemfuata. Anasema wakati ule si huu, watu wamesoma. Najua. Lakini mwaka juzi tu tulizika bibi wa watu, kwa maneno haya haya... Siandiki.

Amoni anasema kulikata ni saa mbili kwa grenda. Kuunda buti jingine, siku tano. Hatuna. Tukikata tunafika kanisani na shimo nyuma.

Nimempigia Mama. Nilitaka nimdanganye gari limegoma, nikashindwa, nikasema yote. Akauliza Baba amekula nini. Ugali na sato, Mayu. Akashukuru, wabeja, mlete mapema Jumamosi nimnyoe ndevu. Kuhusu gari hakusema neno.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji wote umekwenda Nyakabindi kwenye maonyesho, sisi tunapaka rangi. Maziwa. Madoa yamepotea. Nimeng'oa zile taa, nimeweka za pembe nne za pikapu, mbaya, sijali. Lakini mgongo ni ule ule. Mgongo haupakwi rangi ukanyooka.

Baba aliletwa na bajaji. Kaupapasa mkia kwa mkono wa kushoto, polepole, juu mpaka chini. Nikapiga magoti mbele yake nikamwomba radhi. Akatazama pembeni. Ananionea haya au ananikasirikia, sijui, na hawezi kuniambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwamanyili. Tumeingia na turubai limefungwa nyuma, kama tumebeba maiti. Amoni kaja na grenda yake. Fredrick alitupokea getini, kaharakisha kulifunga. Mpango wao wawili: kukata leo leo, kuziba kwa bati bapa. Kibaya, lakini kila mtu ataona limekatwa. Kama wakati ule. Baba alipoiona grenda aliitikia kwa kichwa. Safari hii nimemwelewa vizuri.

Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Kafungua kamba za turubai moja moja, hakumwomba mtu msaada. Likaanguka. Akazunguka. Akarudi tena nyuma.

Amoni akauliza pa kuchomeka grenda.

Yaya, hapana, akasema Mama. Hakikatwi kitu hapa.

Fredrick akapaza sauti: Mama, hawa watu huwajui? Akamwambia anawajua kuliko yeye, amewazalisha nusu yao. Kisha akasema, taratibu, anatazama bati na si sisi: mzigo wa mama mkwe wa kwenda Nassa niliufunga mimi. Vitenge viwili, sufuria, rozari. Aliniuliza, mkamwana, na wewe unaamini? Nikajifanya sijasikia. Niliogopa wangesema na mimi.

Baba alikuwa analia.

Fredrick kanivuta pembeni: wewe ndiye umeyaleta, wewe ndiye utamgeuza. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu, na mimi si Mwislamu! Nilimwambia Mama uzuri wa gari si kitu, nilikosea, acha tukate. Akasema amekwisha sikia, nikachambue mchele.

Ninaogopa. Niandike hivyo tu. Ninaogopa kama mtoto.

Jumapili, 10 Agosti

Saa moja na nusu asubuhi. Naandika hapa hapa kwenye usukani, nikiacha kuandika mikono haina pa kwenda.

Geti limefunguliwa. Mama kalifungua mwenyewe. Barabarani watu, wengi kuliko wa misa. Wamesimama tu. Hakuna anayetukana, ingekuwa afadhali. Mwenyekiti yupo, anajifanya anaongea na simu. Fredrick kasimama mbele ya boneti, mikono kifuani.

Baba yuko kiti cha mbele pembeni yangu, suti, ndevu zimenyolewa. Alikataa kupanda. Mama alimwinamia akamwambia kitu kwa Kisukuma, sikukisikia, akapanda. Kafumba macho.

Gari la milango miwili, kwenda nyuma lazima kiti cha mbele kilale. Kwa hiyo Mama atapitia upande wangu. Nikashuka nikalaza kiti. Hakuingia! Kageuka kaelekea barabarani na kitenge chake kipya, watu wakampisha kama maji, mpaka kwa Stephania. Stephania kajifunga kanga ya kanisani, Biblia kwapani.

Mama kamsalimia. Mwangaluka. Kampa pole ya mbuzi. Kisha kwa sauti ya kila mtu kusikia: huko nyuma tunakaa wawili, mimi na wewe, twende.

Nimebaki nje, kiti kimelala, daftari nimeliweka juu ya paa. Kengele imelia mara ya pili. Stephania amekuja mpaka hapa mlangoni. Yupo, nasikia anavyohema. Anachungulia ndani, anamtazama Baba, anatazama kiti cha nyuma, anawatazama watu. Amenyoosha mkono akaurudisha.

Mama ameingia peke yake, amesogea mpaka dirishani, amekusanya kitenge chake kupisha nafasi ya mtu, anamngoja.

Stephania kampa mtu Biblia amshikie. Ameinama, mguu mmoja umekwisha ingia, naweka kalamu.